Bastola Fupi za Kale na Historia ya Bunduki Maniema

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka nyuma ya mtutu, na kila nyundo inapovutwa nyuma, silinda husogea hatua moja ili chumba kingine chenye risasi kikae sawasawa na mtutu. Zile zenye mtutu mfupi, ambao mara nyingi hauzidi sentimita 7, zilitengenezwa ili zifichwe mfukoni mwa koti au ndani ya mkoba wa safari, na kwa sababu hiyo zilisambaa duniani kwa wingi kuliko bastola nyingi za kijeshi za wakati huo. Wanaozikusanya leo, hasa Ulaya na Marekani, hutafuta ndani yake ustadi wa fundi na historia ya mikono iliyozishika. Na mtu wa Kindu, mkoani Maniema nchini Kongo, anayeifuata historia hiyo mpaka mwanzo wake atajikuta amerudi katika mto Lualaba.

Mfano uliotangulia na kuigwa mno ni ule ulioitwa British Bull Dog, ambao kampuni ya Webley ya Uingereza iliutoa mwaka 1872. Ulikuwa na vyumba vitano, mtutu wa milimita 64 hivi na risasi nene, na fremu yake ilikuwa kipande kimoja kisichofunguka, kwa hiyo mwenye bastola alijaza risasi moja moja kupitia kijilango cha upande wa kulia, kisha akayatoa maganda kwa kuyasukuma na kijiti cha chuma. Baada ya muda mfupi mafundi wa Marekani, Uhispania na hasa Ubelgiji waliuiga. Mji wa Liège, uliokuwa na mamia ya karakana ndogo ambamo fundi mmoja alichonga mipini na mwingine akachonga mitutu, uliuza nakala kwa bei nafuu hata asiye tajiri akaweza kuzimudu. Bastola ya aina hii ndiyo Charles Guiteau aliyoitumia kumpiga Rais James Garfield wa Marekani tarehe 2 Julai 1881, na inasikitisha kwamba bastola hiyo, iliyokabidhiwa jumba la makumbusho ili ihifadhiwe, ilipotea.

Maniema ilikuwa imeijua bunduki mapema kuliko hapo. Misafara iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji ilileta gumegume, yaani bunduki ndefu inayowashwa kwa cheche za jiwe na kujazwa baruti kupitia mdomo wa mtutu. Tarehe 15 Julai 1871, mpelelezi David Livingstone akiwa Nyangwe, mji wa kando ya Lualaba, watu wachache wenye bunduki walifyatua risasi katikati ya soko lililojaa wanawake, na mamia wakafa kwa risasi au kwa kuzama Lualaba walipokuwa wakikimbia. Miaka mitano baadaye mpelelezi Stanley alifika katika mji huohuo akiwa na Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, ambaye nguvu zake zilitegemea wingi wa bunduki za watu wake. Mkusanyaji anayesifu uzuri wa chuma bila kuyakumbuka mambo haya ameacha nje nusu ya elimu yake.

Bastola fupi iliingia kwa njia nyingine, nayo ni njia ya sheria. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta, hasa bunduki za kisasa, lakini ukamruhusu msafiri mwenye hati ya serikali yake kubeba silaha ya kujilinda yeye mwenyewe. Kwa hiyo Mwafrika aliuziwa gumegume, ilhali Mzungu alipita na rivolva kiunoni, na tofauti hiyo ya silaha ikawa tofauti ya madaraka.

Kwa mkusanyaji anayetaka kujua bastola yake ilikuwapo lini, alama ndogo ina thamani kuliko nikeli inayong'aa juu yake. Kila silaha ya Liège ilijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida ili ithibitike kwamba haitapasuka, kisha ikapigwa muhuri wa duara la yai lenye herufi ELG na nyota, na kuanzia Julai 1893 taji likaongezwa juu ya duara hilo. Miezi michache kabla ya hapo, jeshi la Dola Huru ya Kongo chini ya Francis Dhanis lilikuwa limeiteka Nyangwe Machi 1893 na Kasongo Aprili mwaka huohuo, katika vita dhidi ya Sefu mwana wa Tippu Tip. Kwa hiyo bastola yenye taji haiwezi kuwa ilikuwapo siku miji hiyo ilipoanguka, hata kama muuzaji anaapa, na ile isiyo na taji inastahili kuchunguzwa zaidi ingawa peke yake haithibitishi lolote. Ndiyo sababu mkusanyaji makini haisugui bastola yake kwa msasa wala haipaki nikeli mpya, maana muhuri ukifutika ushahidi umekwisha.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 haimruhusu raia kumiliki silaha ya moto bila kibali, na katika mkoa ambao tangu vita vya 1996 familia nyingi zimezika watu wao kwa sababu ya bunduki, si haki kumhimiza yeyote aweke nyumbani bastola inayofyatua, hata iwe ya babu. Mahali pa vitu hivi ni jumba la makumbusho, kama lile la silaha la Liège lililoanzishwa mwaka 1885 na ambalo sasa limo ndani ya Grand Curtius. Kasongo na Nyangwe zina haki ya kuwa na mkusanyiko wao, wenye maelezo ya wazee wanaojua kila silaha ilitoka wapi na ilipitia mikononi mwa nani, na serikali ikiipokea bastola ya namna hii yafaa iizime kwa kuchomelea chuma ndani ya mtutu na kuondoa ncha ya nyundo, bila kuligusa duara la ELG lililo kwenye silinda.