Je, Wajua? Kifungio cha Ski Kimeundwa Kiachie

Je, wajua kwamba kifungio kinachoshika buti kwenye ski, ubao wa kutelezea thelujini, hakikuundwa kushika tu, bali pia kuachia? Mwaka 1937, Hjalmar Hvam, Mnorwei aliyehamia Marekani, alivunjika mguu akiteleza Mount Hood, Oregon. Akiwa kitandani hospitalini akabuni kifungio kinachofunguka mtelezaji anapoanguka.

Ndiyo maana ukinunua ski za mtumba usivutwe na rangi. Chungulia kidirisha kidogo chenye namba, mbele na nyuma ya kifungio. Namba hiyo huonyesha nguvu inayohitajika ili kifungio kiachie, si kilo zako. Hupatikana kwa uzito, kimo, umri, ustadi na urefu wa soli ya buti kwa milimita, kwa hiyo namba uliyoikuta ni ya mwenye ski wa zamani. Ikiwa kubwa mno, mguu husokotwa huku kifungio kimeng'ang'ania. Ikiwa ndogo mno, ski huchomoka ukiwa kasi mteremkoni.

Geuza na buti uitazame. Soli iliyolika, au isiyo ya aina ya kifungio hicho, huvuruga hesabu yote.

Plastiki nayo huzeeka. Watengenezaji hutoa orodha ya vifungio wanavyoendelea kuvidhamini, na kilichoondolewa humo, mafundi wengi Marekani hukataa kukirekebisha. Wana haki kabisa. Ulizia orodha hiyo kabla hujatoa pesa, kisha mpelekee fundi ski pamoja na buti zako mwenyewe apime kifungio kwa mashine.