Je, Wajua? Huenda Saa Yako Haiioni Wi-Fi

Saa janja imegoma kushika Wi-Fi ya nyumbani, ilhali simu inapeta? Usikimbilie kwa fundi. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya masafa mawili, GHz 2.4 na GHz 5, na saa nyingi, hasa za zamani, husikia yale ya kwanza tu. Hata Apple Watch zilianza kupokea GHz 5 mwaka 2020, ilipotoka Series 6. Ingia kwenye mipangilio ya ruta, washa GHz 2.4 na uipe jina lake. Tena, simu ikiwa karibu, saa nyingi hutumia Bluetooth na kuipumzisha Wi-Fi ili kuokoa chaji, hapo saa yako haijaharibika. Zima Bluetooth ya simu kwanza, ndipo uijaribu Wi-Fi ya saa.