Figo Zinavyookoa Maji Katika Joto la Voi

Saa saba mchana mjini Voi, mwendesha bodaboda aliyeshinda juani anakwenda haja ndogo: mkojo ni haba, manjano iliyokolea, harufu kali. Wengi hudhani figo zimeanza kuharibika. Mara nyingi ni kinyume chake: zinafanya kazi barabara.

Kila dakika damu zaidi ya lita moja hupita kwenye figo zetu mbili. Ndani ya kila figo mna vichujio vipatavyo milioni moja, viitwavyo nefroni. Kila nefroni huanza na kishada cha mishipa myembamba mno, na presha ya damu husukuma maji, chumvi, sukari na taka zipenye kuta zake. Chembe za damu na protini kubwa hubaki. Ndiyo maana daktari akiona protini kwenye mkojo hataki kuipuuza.

Kwa siku huchujwa lita 180 hivi, ilhali plazima yote mwilini, yaani majimaji ya damu, ni lita tatu tu. Lau maji yaliyochujwa yangetoka yote, plazima ingekwisha ndani ya nusu saa. Kazi kubwa ya figo, basi, ni kurudisha. Mwanzo wa mrija wa nefroni hurudisha sukari yote kwa asiye na kisukari, pamoja na theluthi mbili za maji na chumvi. Kisha mrija huteremka hadi ndani kabisa ya figo, hupinda na kupanda tena. Unapopanda hutoa chumvi bila kuruhusu maji kuifuata, hivyo nyama ya pale huwa na chumvi nyingi, tayari kuvuta maji. Jasho likikutoka, ubongo hutambua damu imekolea na kuachilia homoni inayofungua vitundu vya maji kwenye sehemu ya mwisho ya mrija. Maji hurudi mwilini, mkojo hukolea.

Digidigi wa Tsavo ametuzidi. Geoffrey Maloiy, mwanafiziolojia Mkenya, alichapisha mwaka 1973 utafiti wa namna mnyama huyu anavyotumia maji. Hubana mkojo kupita binadamu. Sisi hukomea ukolezo wa takribani mara nne ya damu, na karibu nusu lita lazima itoke kila siku kubeba taka. Isipotoka, taka hubaki damuni.

Hapo ndipo ninapowahofia wakata mkonge wa Mwatate na wachimba vito wa Kasigau. Mgongo ukiuma jioni, mtu hununua diklofenaki au ibuprofeni akameza kabla hata ya kunywa maji ya kutosha. Mwili ukikauka, figo hutegemea kemikali inayoacha wazi mishipa inayoziletea damu, na dawa hizo huizuia kemikali hiyo. Presha ya kuchuja huanguka, na figo zinaweza kusimama bila maumivu yoyote. Kunywa maji kwanza, na kwa maumivu ya kawaida parasetamoli ni nafuu zaidi kwa figo. Mkojo ukikatika tangu asubuhi hadi jioni, usilale nao: nenda Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, ukapimwe kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha kama figo zinachuja.