Kikorea: herufi siku chache, maneno miaka

Minnesota, nchini Marekani, ina maelfu ya watu waliozaliwa Korea Kusini na kulelewa na familia za Kimarekani. Kwa mmoja wao anayeanza masomo ya Kikorea huko Crystal, kitongoji cha Minneapolis, hiyo ndiyo lugha ya mama aliyemzaa.

Herufi 24 za Hangul, alfabeti iliyotangazwa na Mfalme Sejong mwaka 1446, huzoeleka kwa siku chache. Ugumu umo katika kitenzi. Kiswahili husema “nilikula”, wakati ukitangulia mzizi. Kikorea husema “meogeosseoyo”: mzizi kwanza, kisha wakati, mwishoni “yo” ya heshima. Akiisahau mbele ya wazee wa ukoo wake, atakuwa amewasemesha kama watoto wenzake.

Wanadiplomasia wa Marekani hutengewa saa 2,200 za darasani kwa Kikorea. Kwa Kiswahili, chini ya nusu ya hizo.