Nduma Kivulini Katika Ukambani

Apandaye milima ya Mbooni na Kilungu, Makueni, huona kandokando ya vijito majani mapana yenye umbo la moyo yakitikisika chini ya migomba. Hizo ndizo nduma, ambazo watu wa pwani huziita majimbi. Lakini katika nyanda za Kitui, ambako mito hukauka ikabaki mchanga mtupu, wengi husema kwamba nduma si zao lao.

Neno hilo lina ukweli, kwani jani pana hupoteza maji mengi juani. Walakini nduma huvumilia kivuli kuliko mahindi, na kivulini udongo haukauki upesi. Mahali pafaapo ni upande wa mashariki wa nyumba, penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, au pembezoni mwa mwembe. Chini kabisa ya mwembe hapafai. Giza likizidi, majani hustawi lakini viazi huwa vidogo. Huko Ulaya na Marekani mmea uitwao hosta hupandwa kivulini kwa uzuri wa majani yake tu. Mkulima wa Kitui hawezi kupoteza maji kwa jani lisilomletea chakula.

Kwanza huchimbwa handaki lenye upana wa futi 3 na kina cha futi 2, likatandikwa karatasi nzito ya plastiki chini na ubavuni. Udongo wa juu uliochanganywa na samadi iliyooza hurudishwa hadi nusu, ili nafasi ibaki ya kupokea maji. Machipukizi hupandwa vuli inapoanza, Oktoba au Novemba, kwani Ukambani huitegemea mvua hiyo kuliko masika. Plastiki huzuia maji yasizame, na mizizi ya miti isiyanywe.

Hata hivyo handaki halileti maji. Mvua ikiisha, nduma hudai kumwagiliwa mpaka zikomae, yaani miezi 6 hadi 12 tangu kupandwa. Mwenye bwawa la mchanga karibu ana nafuu. Mama atekaye maji kwa punda mwendo wa saa 2 asichimbe handaki la hatua 20. La hatua 3 lamtosha, nalo alinyweshe maji yaliyooshea mboga, yasiyo na sabuni.

Nduma mbichi huwasha koo, kwa hiyo sharti zichemshwe mpaka zilainike. Siku ya kuvuna, kichwa cha kiazi kikatwe pamoja na kipande cha shina, kikapandwe tena papo hapo.