Kujifunza Kulenga Shabaha na Kujihami: Hukumu Yake Katika Fiqhi na Mafunzo ya Bonde la Kilombero

Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake. Ama baad.

Miongoni mwa maswali wanayoulizwa maimamu wa Ifakara na vijiji vya bonde la Mto Kilombero ni hili: Je, inafaa Mwislamu wa kawaida, asiyekuwa askari, kujifunza kutumia bunduki ili ajilinde yeye, familia yake na shamba lake? Na akishajifunza, ni wakati gani sheria inamruhusu kuitumia? Swali hili si la nadharia. Mkulima wa mpunga wa bonde hili huhamia shambani kwa miezi, akalala katika dungu mbali na majirani, akilinda mpunga wake na ndege mchana na nguruwe usiku. Kuna viboko na mamba mtoni, nyati na tembo mbugani, na kuna ugomvi wa muda mrefu baina ya wakulima na wafugaji juu ya ardhi na malisho. Mtu wa namna hii akiuliza juu ya bunduki, anastahiki jibu kamili.

Tutaanza na asili ya jambo hili katika sheria, kisha mipaka yake, kisha hali ilivyo hapa kwetu.

Asili ya kujifunza kulenga

Katika Suratul Anfaal, aya ya 60, Mwenyezi Mungu amewaamrisha waumini waandae nguvu kadiri ya uwezo wao. Imam Muslim amepokea kutoka kwa Uqba bin Aamir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliifasiri aya hiyo juu ya mimbari, akabainisha mara tatu kuwa nguvu hiyo ni kulenga. Muslim amepokea pia onyo kali kwa mtu aliyejifunza kulenga kisha akakuacha. Naye Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Salama bin Al-Akwa'i (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwapitia watu wakishindana kwa mishale, akawahimiza waendelee, na akawakumbusha kuwa baba yao Ismail (A.S.) alikuwa hodari wa upinde.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafii walilipa jambo hili mlango kamili katika vitabu vya fiqhi, mlango wa mashindano ya mbio na ya kulenga. Al-Muzani, mwanafunzi wa Imam Shafii, amesema kuwa hakuna aliyemtangulia Imam katika kuuandika mlango huo. Na si ajabu, kwani imepokewa kwamba Imam Shafii mwenyewe (aliyefariki mwaka 204 Hijria) alipenda mambo mawili katika ujana wake: kulenga na kutafuta elimu.

Kwa hiyo asili ya kujifunza shabaha ni jambo lenye kusifiwa, na bunduki imechukua leo mahali pa upinde. Lakini jambo linalosifiwa katika asili yake linaweza kuwa haramu kwa nia mbaya, kwa njia mbaya au kwa madhara yanayolifuata. Anayejifunza ili atishe watu, ajifakharishe au alipize kisasi cha ukoo, huyo hana sehemu katika sifa hizi.

Ujasiri bila maarifa

Bonde hili lina historia yake katika jambo hili. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa pande hizi, wakiwemo Wapogoro na Wambunga, waliinuka dhidi ya dhulma ya Wajerumani. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu yao waliishambulia boma ya Mahenge, upande wa pili wa mto kutoka Ifakara. Waliambiwa kwamba dawa waliyopewa itazigeuza risasi kuwa maji. Walikutana na bunduki mbili za rashasha, wakaanguka kwa mamia. Vita vilipokwisha, kwa risasi na zaidi kwa njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa, Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kusini mwa nchi kuwa 75,000, na wanahistoria wengine wamepandisha idadi hiyo hadi zaidi ya 250,000.

Hatulitaji hili kwa kuwadharau wazee wetu. Walidhulumiwa, na ushujaa wao haupingiki. Tunalitaja kwa sababu mpaka leo wapo wanaovaa hirizi kwa kuamini kuwa inazuia risasi, na wapo waganga wanaoziuza. Imani hiyo ni katika ushirikina, na tena inaua. Kutawakali kwa Mwislamu ni kushika sababu alizoziweka Mwenyezi Mungu kisha kumtegemea Yeye.

Na hata sababu hizo hazifai bila nidhamu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, Mtume (S.A.W.) aliwaweka walenga mishale 50 juu ya kilima chini ya Abdullah bin Jubayr (R.A.), akawakataza wasiondoke kwa hali yoyote. Shabaha walikuwa nayo. Wengi wao waliposhuka kufuata ngawira, ushindi uligeuka kuwa msiba. Basi fundisho la kwanza la mwenye silaha ni utiifu, na kulenga huja baada yake.

Adabu za silaha alizofundisha Mtume (S.A.W.)

Anayehudhuria mafunzo ya silaha popote duniani hufundishwa kwanza kanuni za usalama: usielekeze mdomo wa bunduki kwa mtu, usiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati, hakikisha haina risasi kabla ya kumpa mwenzako. Mwislamu akizisikia kanuni hizi asidhani ni mageni.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) katazo la kumwelekezea ndugu silaha, kwa kuwa mtu hajui, huenda Shetani akaivuta mkononi mwake naye akaangukia katika shimo la Moto. Katika mapokezi ya Muslim, malaika humlaani anayemwelekezea nduguye chuma mpaka akiache, hata akiwa ni ndugu wa baba na mama. Maana yake ni kuwa mzaha wa bunduki ni haramu hata nyumbani. Abu Musa (R.A.) amepokea amri kwamba anayepita na mishale msikitini au sokoni aishike kwenye ncha zake asije akamjeruhi Mwislamu. Jabir (R.A.) amepokea katazo la kupeana upanga ukiwa nje ya ala. Ibn Umar (R.A.) amepokea laana kwa anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya kujifunzia, basi vijana wasijaribu shabaha zao kwa nyani wala kwa mbwa wa kijijini.

Anayeyapuuza haya akaua kwa bahati mbaya asiseme ni kudra tu akaishia hapo. Suratun Nisaa, aya ya 92, inambebesha kafara, na aliyekosa mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo, pamoja na diya kwa warithi wa aliyekufa. Risasi moja iliyosahauliwa ndani ya bunduki inaweza kuleta hayo yote.

Mipaka ya kujihami

Imethibiti katika hadithi kwamba anayeuawa akilinda mali yake ni shahidi, na katika mapokezi ya Said bin Zayd (R.A.) imeongezwa nafsi, dini na ahli. Wengi huishia hapa, wakadhani kuwa sheria imewapa ruhusa ya kumfyatulia risasi yeyote anayewakera. Hilo ni kosa.

Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa katika vyuo vyetu vya Afrika Mashariki, ameliweka jambo hili wazi katika mlango wa mshambuliaji. Mshambuliaji huzuiwa kwa njia nyepesi kwanza, kisha inayofuata. Akizuilika kwa maneno au kwa kupiga ukelele wa kuomba msaada, ni haramu kumpiga. Akizuilika kwa mkono, ni haramu kutumia kiboko. Akizuilika kwa kiboko, ni haramu kutumia fimbo. Akizuilika kwa kumjeruhi kiungo, ni haramu kumuua. Na kauli yenye kutegemewa katika madhehebu ni kwamba mtu akiweza kukimbia na kusalimika, ni wajibu akimbie, na kupigana ni haramu.

Mwizi aliyegeuza mgongo na kukimbia si mshambuliaji tena. Kumpiga risasi ni kuua, na ni hivyo hivyo kumchoma moto kijiji kizima kikishangilia.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kuanzia kifungu cha 18 na vifungu vyake vidogo, inampa mtu haki ya kujitetea na kutetea mali, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu.

Ng'ombe katika mpunga

Tufike sasa penye moto wenyewe. Ng'ombe wameingia usiku katika shamba, mpunga wa mwaka mzima umelala chini. Mkulima ana bunduki. Afanye nini?

Sheria imelihukumu jambo hili zamani. Suratul Anbiyaa, aya ya 78, inataja hukumu ya Daud na Sulayman (A.S.) juu ya shamba lililoliwa usiku na mbuzi na kondoo wa watu. Na ngamia wa Al-Baraa bin Aazib (R.A.) alipoharibu bustani ya watu, Mtume (S.A.W.) alihukumu kuwa wenye bustani wana wajibu wa kuzilinda mchana, na wenye mifugo wanabeba dhamana ya kilichoharibiwa usiku. Tazama: pande zote mbili zimepewa wajibu. Mwisho wa kesi ni tathmini na fidia.

Basi mkulima awafukuze ng'ombe, aite mashahidi na uongozi wa kijiji, adai haki yake. Mfugaji Mwislamu naye ajue kuwa mpunga ule ni deni shingoni mwake hata kama hakimu hakumwona. Lau wote wawili watachukua silaha kwa ajili ya kisasi, wanaingia katika hadithi ya Abu Bakra (R.A.) ya Waislamu wawili wanaokutana kwa panga zao, kwamba muuaji na muuawa wote ni wa Motoni, kwa kuwa muuawa naye alikuwa na hamu ya kumuua mwenzake. Imamu asiyeyasema haya msikitini mwake wakati wa msimu wa malisho atakuwa ameficha elimu mahali inapohitajika zaidi.

Wanyama ni mlango mwingine. Mnyama anayemshambulia mtu inajuzu, bali ni wajibu, kumzuia hata kwa kumuua, na hana fidia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Nature ulionyesha kuwa tangu 1990 hadi 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 nchini, na wengi walipatwa kusini na mashariki, msimu wa mavuno, wakilala mashambani kuwalinda mazao na nguruwe. Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini tembo aliye mbali mbugani si mshambuliaji, na kumuua kwa pembe zake ni ujangili na khiyana. Aliyemuua nguruwe shambani hana dhambi, ila akikishika kizoga kwa unyevu aoshe mara saba, moja kwa udongo.

Njia za halali za kujifunza

Utiifu kwa wenye mamlaka katika mambo ya manufaa ni amri ya Qur'ani (An-Nisaa, 59). Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inamtaka mtu awe na leseni, na maombi huanzia kwenye serikali ya kijiji au mtaa na kupanda ngazi kwa ngazi hadi polisi. Gobole lililotengenezwa kienyeji na kufichwa darini ni kosa mbele ya sheria, na ni hatari kwa watoto wa nyumba hiyo. Serikali imekuwa ikitoa vipindi vya msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, kama ilivyokuwa mwaka 2022, na anayeisalimisha ameiepusha nafsi yake na madhara.

Kwa raia wa kawaida, mlango mkubwa wa mafunzo nchini ni Jeshi la Mgambo, lililopata nguvu baada ya Mwongozo wa TANU wa 1971. Askari wake walishiriki kwa maelfu katika Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Vijana hujifunza kwata, matumizi ya silaha, shabaha, ujanja wa porini na huduma ya kwanza chini ya wakufunzi wa jeshi, na silaha hubaki kuwa za jeshi. Lipo pia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa 1963. Kwa upande wa wanyamapori, vijiji vilivyo ndani ya jumuiya ya hifadhi ya ILUMA, yaani Ifakara, Lupiro na Mang'ula, vinahitaji askari wa wanyamapori wa vijiji, na chuo cha Likuyu Sekamaganga huko Namtumbo hufundisha askari wa aina hiyo.

Kijana wa Kiislamu asiogope milango hii, wala asiikimbie kwa kudhani si ya dini. Ahifadhi Swala zake huko, asafishe nia yake, na amtii mkufunzi wake katika mema.

Hitimisho

Kujifunza kulenga ni sunna yenye asili. Kumiliki silaha ni amana yenye masharti. Kuitumia juu ya mwanadamu ni dharura ya mwisho kabisa, baada ya neno, ukelele, mkono na miguu ya kukimbilia kushindwa. Anayejifunza kufyatua bila kujifunza mlango huu wa fiqhi amejifunza nusu, na nusu iliyobaki ndiyo atakayoulizwa Siku ya Kiyama, kwani kesi za kwanza kuhukumiwa baina ya watu siku hiyo ni za damu.

Tunawausia maimamu wa bonde waufundishe mlango wa mshambuliaji kutoka katika Minhaj kabla ya kila msimu wa mavuno, na wawakaribishe wakulima na wafugaji wakae katika darsa moja. Mwenyezi Mungu atuhifadhie damu zetu na mali zetu. Amin. Wallahu aalam.