Kuku Aatamiaye: Istilahi za Uatamizi katika Ufugaji wa Nyumbani

Miongoni mwa maandishi yanayoletwa mbele ya wafasiri wetu, vijitabu vya ufugaji vina nafasi ya pekee. Hati ya sheria ikiwa na neno lenye utata, yupo hakimu wa kulifafanua. Kijitabu cha ufugaji kikiwa na neno lenye utata, hakuna mwamuzi. Anayelipa ni mfugaji, naye hulipa kwa mayai yake na kwa majuma matatu ya kungoja bure. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa kuyatazama kwa makini maneno yahusuyo kuku anayekaa juu ya mayai, ambayo wengi wetu twadhani tunayajua tangu utoto.

Tumechagua kuyatazama kutoka Mkuu, makao ya Wilaya ya Rombo, kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro. Huko familia nyingi huishi katika kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa, ng'ombe mmoja au wawili wa kulishwa zizini, na kuku wachache wasiozidi hesabu ya vidole vya mikono na miguu. Kuku hawa mara nyingi huwa chini ya uangalizi wa mama wa nyumba, na fedha ipatikanayo sokoni kwa jogoo mmoja au kwa trei ya mayai ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na daftari la mtoto. Tena watu wa huko huzungumza Kichaga nyumbani na Kiswahili ofisini. Neno la kijitabu lisipokuwa wazi, mfugaji hana budi kulikisia.

1. Kulala, kulalia na kuatamia

Tuseme bwana mifugo amefika kihambani, akamwona kuku amejikunyata pembeni mwa jiko.

"Mama, huyu kuku amelala siku ngapi?"

"Siku mbili sasa, bwana mifugo. Hali chakula, hanywi maji."

Bwana mifugo aliuliza habari za mayai. Mama alijibu habari za ugonjwa. Wote wawili wamesema Kiswahili sahihi, kwani kuku hulala usiku, hulala akiwa mgonjwa, na katika mazungumzo ya kawaida husemwa pia kwamba "amelala" akiwa juu ya mayai. Kosa hili si dogo. Kuku mwenye mdondo, ambao wengine huuita kideri, akidhaniwa kuwa yu katika mayai, ataachwa kati ya wenzake mpaka awaambukize wote.

Kitenzi "lalia", ambacho ni "lala" katika kauli ya kutendea, kina nafuu, maana hudai kitu kinacholaliwa. Hata hivyo mtu hulalia mkeka, na kuku hulalia tumbo. Lugha yetu inacho kitenzi kisicho na mshirika katika kazi hii, nacho ni "atamia", ambacho pia husikika kwa maumbo ya "otamia" na "tamia". Maana yake ni kukaa juu ya mayai na kuyapa joto hadi yaanguliwe. Twapendekeza kwamba katika maandishi ya kitaalamu litumike umbo la "atamia", na kwamba "lalia" libaki katika mazungumzo na katika fasihi, ambako halidhuru.

2. Hali na tendo

Kuku wa asili hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha huacha kutaga na kutaka kuatamia. Badiliko hili huletwa na homoni iitwayo prolaktini, itokayo katika tezi iliyo chini ya ubongo. Dalili zake zajulikana na kila mfugaji: kuku hang'oki kiotani, hututumua manyoya akikaribiwa, hudonoa mkono, hulia kwa sauti nzito ya kukatikakatika, na huenda akajinyonyoa manyoya ya kifuani ili ngozi yake iguse mayai. Kuku wa kisasa wa mayai wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili wasiwe na tabia hii. Ndiyo maana mwenye kuku hao hulazimika kutumia mashine.

Hapa mfasiri atakuta mambo mawili yanayohitaji majina mawili. La kwanza ni hali ya kuku kutaka kuatamia. La pili ni tendo lenyewe la kuatamia. Vijitabu vingi huyaita yote "kuatamia", na matokeo yake ni agizo kama hili: "Kuku akianza kuatamia, mwekee mayai." Je, ni siku ile ya kwanza aliyokataa kutoka kiotani? Mfugaji mwenye uzoefu hafanyi hivyo. Humwachia kuku mayai mawili au matatu yasiyo na thamani kwa siku mbili tatu, amwone kama atadumu, kwani wapo wanaoghairi. Akidumu, ndipo humwekea mayai mazuri, tena gizani, ili asishtuke.

Twapendekeza basi "uatamizi" kwa ile hali, na "kuatamia" kwa lile tendo. Agizo litasomeka hivi: "Kuku akionyesha uatamizi kwa siku tatu mfululizo, mwekee mayai aatamie." Neno limeongezeka moja, lakini mayai yamesalimika.

Kuhusu kuku mwenyewe, lugha ina hazina kubwa. "Tembe" ni kuku jike ambaye hajaanza kutaga. "Mtetea" ni yule anayetaga. "Koo" ni yule aliyekwisha kuzaa. Vijitabu vingine huandika "tetea" pale vingine viandikapo "mtetea", na jambo hili lastahili kuamuliwa. Mfugaji ashauriwapo kuchagua kuku wa kuatamia, neno lifaalo ni "koo", kwa sababu aliyekwisha kulea vifaranga huaminika zaidi kuliko tembe aliyetaga kwa mara ya kwanza.

3. Kuatamisha

Kuku huatamia, mtu huatamisha. Kauli ya kutendesha yatuwezesha kutenga kazi ya mfugaji na kazi ya kuku, na mwalimu atafanya vyema kuwaonyesha wanafunzi wake jinsi sarufi inavyogawa majukumu.

Katika kuatamisha, mfugaji huchagua mayai masafi, yasiyo na ufa, ya ukubwa wa kawaida, yasiyozidi siku 7 hadi 10 tangu kutagwa, aliyoyahifadhi mahali penye ubaridi huku ncha iliyochongoka ikielekea chini. Koo mmoja huweza kufunika mayai 10 hadi 13 kwa kadiri ya mwili wake. Katika miezi ya Juni na Julai, ukungu na baridi vinapotanda juu ya vihamba vya Mkuu, ni busara kupunguza idadi, kwa kuwa yai lililo pembeni hupoa upesi. Kiota huwekwa mahali pakavu pasipo na kelele, kikatandikwa majani makavu ya migomba, na jivu kidogo likanyunyizwa kupunguza chawa na utitiri. Wadudu hawa ndio wanaomfanya kuku mwema aukimbie mtago wake. Maji na chakula huwekwa karibu, maana kuku hutoka mara moja tu kwa siku, kwa dakika 15 hadi 20 hivi, ale, anywe na kunya.

Wapo wafugaji ambao, wakiwa na makoo watatu wanaokaribiana katika kutaga, humshikilia wa kwanza kwa mayai yasiyo na thamani mpaka wenzake nao wafikie uatamizi, kisha huwawekea wote mayai usiku mmoja. Vifaranga hutoka pamoja, huchanjwa pamoja, na huuzwa pamoja. Utaratibu huu twapendekeza uitwe "uatamishaji wa pamoja".

Hesabu ya siku nayo ina mtego wake. Mayai ya kuku huchukua siku 21. Mayai yaliyowekwa Jumatatu yatarajiwe Jumatatu ya tatu baadaye. Lakini katika Kiswahili cha asili siku huanza jua linapotua, na "usiku wa Jumanne" ni usiku ule utangulizao mchana wa Jumanne. Ofisini watu wengi wamekwisha kufuata hesabu ya kuanzia saa sita usiku. Kwa kuwa mayai huwekwa usiku, agizo la "usiku wa Jumanne" laweza kusomwa kwa namna mbili. Mfasiri na aandike: "Jumatatu, baada ya jua kutua."

4. Yai tasa na yai viza

Siku ya 7 mfugaji huyapima mayai kwa kuyamulika gizani, akitumia tochi au kibatari kilichozibwa kwa karatasi yenye tundu. Yai lenye kiinitete huonyesha mishipa iliyotanda mithili ya miguu ya buibui. Yai lililo jeupe kabisa halikuwa na mbegu. Yai lenye duara la damu au kivuli kisichosogea limekufa kiinitete.

Watu wengi huyaita yote mawili ya mwisho "mayai mabovu", na maofisa huyaandika hivyo katika taarifa zao. Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwani sababu zake ni mbali kama mbingu na ardhi. Yai lisilo na mbegu hutokana na jogoo: labda hayupo, labda ni mzee, labda ana majike zaidi ya 10. Yai lililokufa kiinitete mara nyingi hutokana na malezi: lilihifadhiwa muda mrefu mno, au kuku aliondoka likapoa. Mfugaji aliyeambiwa "mayai yako ni mabovu" huenda akamchinja koo asiye na hatia, ilhali mwenye kosa anawika uani.

Kwa yai la pili lugha inalo jina la zamani, "yai viza", kutoka kitenzi "viza". Kwa la kwanza twapendekeza "yai tasa", kwa mfano wa mnyama tasa, neno linaloeleweka mara moja. "Yai bovu" na liachiwe muuza duka.

Watumishi wanaoandika taarifa wataona faida yake katika hesabu. Koo akiwekewa mayai 12, na 2 yakawa tasa, 1 likawa viza, na vifaranga 9 wakatoka, kiwango cha kutotoa kwa mayai yote ni asilimia 75. Kikihesabiwa kwa mayai yenye mbegu tu, ni asilimia 90. Taarifa isiyosema ni kiwango kipi haiwezi kulinganishwa na nyingine.

5. Kuangua, kutotoa na kumwachisha

Vitenzi "angua" na "totoa" hutumika kama kwamba ni kimoja, na katika mazungumzo hapana ubaya. Katika istilahi twaweza kuvitenga: "kuangua" ni tukio la siku ya mwisho, ganda linapovunjika, "kutotoa" ni kupata vifaranga kwa jumla. Kwa hiyo husemwa "siku ya kuangua" lakini "kiwango cha kutotoa". Mashine ifanyayo kazi ya koo ni "kiatamizi", kwa sababu kazi yake ni kutoa joto kwa siku zote 21. Neno hili limekwisha kupanda ngazi: siku hizi twasikia "kituo atamizi", mahali vijana wanapolelewa katika biashara au ufugaji. Sitiari hiyo ni nzuri, mradi maana ya mwanzo isisahauliwe.

Mwisho, yapo mazingira ambamo uatamizi hautakiwi: hakuna jogoo, au mayai yanatakiwa sokoni, au kuku amedhoofu. Wapo wanaomtosa kuku katika maji baridi. Katika baridi ya mlimani huko ni kumtesa. Njia ya heri ni kumtenga kwa siku 3 hadi 5 katika tenga lililoinuliwa, lenye sakafu ya fito ipitishayo hewa, bila kiota, huku akipewa chakula na maji. Joto la kifuani hupoa, na baada ya majuma machache hurudia kutaga. Baadhi ya wafasiri wameandika "kuvunja uatamizi". Sisi twaona lugha inayo njia yake: mama humwachisha mtoto ziwa, na mfugaji humwachisha kuku kuatamia. Tamko hili halihitaji maelezo Mkuu wala pengine popote.

Muhtasari wa mapendekezo

Atamia: (kuku) kukaa juu ya mayai ili kuyapa joto.
Atamisha: (mtu) kumwekea kuku mayai aatamie.
Uatamizi: hali ya kuku kutaka kuatamia.
Uatamishaji wa pamoja: kuwawekea makoo kadhaa mayai kwa wakati mmoja.
Mtago: mayai yote yaliyotagwa katika kipindi kimoja.
Yai tasa: yai lisilo na mbegu.
Yai viza: yai ambalo kiinitete chake kimekufa.
Kiatamizi: mashine ya kuyapa mayai joto hadi yaanguliwe.
Kumwachisha kuku kuatamia: kumwondolea kuku uatamizi.

Tangu Baraza lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu mwaka 1974, fundisho moja limejirudia: istilahi hudumu ikiwa watumiaji wameikubali. Takriban maneno yote tuliyoyajadili hayakubuniwa ofisini. Yalikuwa vinywani mwa wafugaji, na kazi yetu imekuwa kuyagawia nafasi. Walimu na maofisa walio karibu na wafugaji watatusaidia wakituandikia maneno mengine yatumikayo kwao, hasa kwa sauti ya kuku mwenye uatamizi, ambayo bado twaieleza kwa maneno sita pale ambapo moja lingetosha.